Taima ya joto la nyumba imechakaa: ninunue ipi?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Uingereza pamoja na mama yangu mwenye miaka 74. Nyumba ina boila ya gesi, redieta, na tangi la maji ya moto kwenye kabati la ghorofani. Taima ya ukutani ni ya zamani, ya saa ya kuzunguka yenye vipini vidogo vya kusogeza. Siku hizi saa yake inachelewa, na kwa wiki mbili sasa redieta zinabaki na moto usiku kucha hata nikiizima taima. Jirani ananishauri ninunue taima janja ya kuendeshwa kwa simu, anasema bili itashuka kwa nusu. Mwingine anasema lazima iwe ya kampuni iliyotengeneza boila. Nilikwenda dukani, nikakuta aina nyingi mno, nikarudi mikono mitupu. Kaka yangu naye anasema nisihangaike na taima kabisa, niache joto liwake mchana na usiku kwa kiwango cha chini, eti ndivyo gesi inavyotumika kidogo. Kazi yangu ni ya zamu, wiki nyingine naingia usiku. Ninunue taima ipi, na je, naweza kuifunga mwenyewe? Nyaya za nyuma zinaonekana chache tu."*

Pole kwa usumbufu, ndugu yangu, na mama mpe shikamoo yangu. Swali lako limebeba maswali mawili. Lililo wazi ni taima gani ununue. Lililojificha ni kama taima kweli ndiyo yenye kosa. Nitaanza na hilo la pili, maana wapo wengi walionunua taima mpya, wakaifunga vizuri, na usiku ulipoingia redieta zikawa za moto vilevile.

Taima ni swichi yenye saa, basi. Haipimi joto na haiwashi boila kwa mkono wake. Katika nyumba yenye tangi kama yako, umeme husafiri hivi: saa uliyopanga ikifika, taima inaunganisha umeme na kuupeleka kwenye themostati ya ukutani. Themostati ikikuta chumba kina baridi kuliko kiwango ulichoweka, inaupitisha umeme huo hadi kwenye vali ya mota, kile kiboksi kilichokaa juu ya bomba, aghalabu ndani ya kabati la tangi au karibu na pampu. Mota inazunguka taratibu na kufungua njia ya maji ya redieta. Ikifika mwisho wa mzunguko inabonyeza swichi ndogo iliyomo ndani ya vali hiyohiyo. Swichi hiyo ndogo ndiyo inayoiambia boila iwake na pampu isukume, na umeme wake unakuja kwa waya mwingine ambao una umeme saa zote, taima iwe imewashwa au imezimwa.

Hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Swichi ndogo ya ndani ya vali ikigandamana, boila itaendelea kuwaka ingawa taima ilishakata zamani. Vali ikikwama wazi, maji yanayopashwa kwa ajili ya tangi yatapita pia kwenye redieta kila tangi linapohitaji joto. Na mwisho, zinaweza kuwa ni kontakti za taima yenyewe, zile ncha za ndani zinazounganisha umeme, zilizoungua zikashikana kwa miaka ya kufunga na kufungua. Ukiwa sebuleni umeshika redieta ya moto saa nane za usiku, sababu zote tatu zinafanana.

Unaweza kuzitenganisha bila kufungua chochote. Kwanza hakikisha umezima sehemu zote mbili za taima, ya redieta na ya maji ya moto, kisha, kama mnayo themostati ya ukutani, ipandishe hadi mwisho, isije ikakata umeme ambao taima mbovu ingeupitisha na kuficha kosa. Subiri dakika kadhaa, kwa sababu boila nyingi huiacha pampu izunguke kidogo baada ya moto kuzimika ili kutoa joto lililobaki, na hilo ni la kawaida. Boila ikiendelea kuwaka, nenda kwenye vali ya redieta. Vali nyingi zina kipini kidogo cha chuma pembeni cha kufungulia kwa mkono. Kisukume polepole. Vali iliyofungwa hukipa kipini ukinzani, unaisikia springi ikikusukuma. Iliyofunguka huacha kipini kikicheza ovyo bila uzito.

Ukikikuta kinacheza ovyo ilhali umezima kila kitu, zima sasa mfumo mzima kwenye swichi yake kuu, ile yenye fyuzi iliyo karibu na boila au taima, kisha usubiri nusu dakika. Springi isiporudisha vali, vali imekwama, na taima haina hatia. Ikirudi, washa swichi kuu tena, taima ikiwa bado imezimwa. Vali ikifunguka upya yenyewe, maana yake kuna umeme unaoifikia usiotakiwa kuifikia, na mtuhumiwa wa kwanza ni kontakti za taima. Ikibaki imefungwa lakini boila ikawaka, swichi ndogo ya ndani ya vali ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Kipimo hiki ni cha mfumo wenye vali mbili, moja ya redieta na moja ya tangi. Ikiwa kabatini utakuta vali moja tu yenye mabomba matatu, usikitumie. Vali hiyo inaweza kushikiliwa na umeme pale ilipoishia hata baada ya joto kukatwa, ndivyo ilivyoundwa, na kipini kitakachocheza kitakudanganya. Hiyo mwachie fundi mwenye mita ya kupima umeme.

Kuhusu saa kuchelewa, hapo hatuna haja ya kubahatisha. Taima za kuzunguka huendeshwa na mota inayofuata mapigo ya umeme wa gridi, hertzi 50. Umeme ukikatika saa nzima, mota inasimama saa nzima, na ukirudi inaendelea pale ilipoachia kana kwamba hakuna kilichotokea. Zaidi ya hapo, meno yake ya plastiki huisha na kuanza kuteleza, na haijui habari ya saa kusogezwa mbele mwezi Machi na kurudishwa nyuma Oktoba. Kwa hiyo hata ikibainika kwamba vali ndiyo mbovu, taima hiyo inastahili kupumzishwa. Ila ni vizuri ujue kama unanunua kimoja au viwili.

Sasa nije kwenye ushauri uliopewa.

Jirani anayesema bili itashuka kwa nusu anakupa matumaini yasiyo na msingi. Taima hupunguza gesi kwa njia moja tu, kuondoa saa ambazo joto linawaka bila mtu kulihitaji. Kama redieta zako kweli zinawaka usiku kucha bila sababu, kutengeneza hitilafu hiyo kutaonekana kwenye bili, iwe umenunua taima janja au ya kawaida kabisa. Baada ya hapo, kinachobaki kuokolewa kinategemea mtindo wenu wa maisha, na nitalirudia hilo.

Kaka yako amesema jambo ambalo watu wazima wenye akili zao hulirudia kila msimu wa baridi, kwa hiyo acha nilieleze polepole. Nyumba hupoteza joto kwa kasi inayolingana na tofauti kati ya ndani na nje. Ndani kukiwa na nyuzi 20 na nje 5, tofauti ni 15. Ukiiacha nyumba ishuke hadi nyuzi 15, tofauti inakuwa 10, na joto linalovuja kila saa linapungua hadi theluthi mbili ya lile la mwanzo. Ni kama ndoo iliyotoboka upande wa chini: kadiri ilivyojaa, ndivyo maji yanavyotoka kwa nguvu, na anayetaka kupoteza maji machache haihifadhi ikiwa imejaa usiku kucha. Asubuhi boila itafanya kazi ya ziada kuipandisha nyumba, ni kweli, lakini inarudisha tu joto lililotoka. Lile ambalo halikutoka usiku halihitaji kurudishwa, na hiyo ndiyo faida yako.

Hoja ya kaka ina mahali pake, hata hivyo. Nyumba inayopashwa kwa pampu ya joto ya umeme, badala ya boila ya gesi, mara nyingi huenda vizuri zaidi kwa joto la chini la muda mrefu, kwa kuwa pampu hiyo hupoteza ufanisi inapolazimishwa kutoa maji ya moto sana kwa haraka. Na nyumba yenye unyevu na ukungu haifai kuachwa ipoe kupita kiasi kisha ipashwe kwa kishindo, maana mvuke hugeuka maji kwenye kuta baridi. Halafu kuna mama. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ndani ya nyumba pasiwe chini ya nyuzi 18 katika nchi za baridi, na kwa mzee mimi singependa hata usiku pashuke mbali na hapo. Kwa hiyo kwenu jibu ni kushusha joto usiku kwa nyuzi mbili tatu, wala msiizime nyumba ikawa jokofu.

Na hapo ndipo utaona udhaifu wa taima peke yake. Taima inajua saa, haijui baridi. Ukiiambia ikate saa nne usiku, itakata hata kama nje kunaanguka theluji. Kinachojua baridi ni themostati. Hukuniambia kama mnayo ukutani, nami ningependa ulitazame hilo kabla ya kutoa hata senti kwa ajili ya taima. Nyumba isiyo na themostati, taima yoyote utakayoifunga itakuwa inafanya nusu ya kazi.

Sasa suala la kampuni. Taima hailazimiki kuwa ya kampuni ya boila. Katika mfumo wa vali kama wako, boila haijui kabisa taima ni ya nani; inachopokea ni umeme kutoka kwenye swichi ile ndogo ya vali. Kinachotakiwa kulingana ni bamba la ukutani, lile taima inapopachikwa, na nyaya zilizofungwa humo. Uingereza kuna muundo wa bamba ambao watengenezaji wengi wanaufuata: N ni nyutro (waya unaorudisha umeme), L ni laivu (waya unaouleta), kisha namba 1 hadi 4. Namba 3 hutoa umeme maji ya moto yanapowashwa, 4 redieta zinapowashwa, 1 maji ya moto yanapozimwa, na 2 redieta zinapozimwa. Taima mbili za muundo huu, hata zikiwa za kampuni tofauti, hupachikwa kwenye bamba lilelile: unalegeza skrubu mbili za chini, unaikunja taima ya zamani kuelekea juu, inatoka, mpya inaingia.

Lakini taima za saa ya kuzunguka mara nyingi zilitengenezwa na mabamba yao wenyewe na namba zao wenyewe. Namba 3 kwenye bamba la zamani si lazima iwe na maana ya namba 3 kwenye jipya. Mtu anayehamisha nyaya kwa kufuata namba bila kusoma karatasi za taima zote mbili anaweza kupeleka laivu kwenye nyutro, na hiyo ni shoti.

Tukae kidogo kwenye namba 1, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu. Inakuwaje taima itoe umeme pale kitu *kinapozimwa*? Mfumo wenye vali moja ya njia tatu, ambao mafundi wa huko huuita Y Plan, unahitaji kuambiwa kwa umeme kwamba maji ya moto hayatakiwi, ndipo vali izunguke hadi mwisho na kuufunga upande wa tangi. Bila ujumbe huo inabaki katikati na kupeleka joto kote kuwili. Ukinunua taima isiyo na kitundu cha namba 1, au fundi akauacha waya huo ukining'inia kwa kudhani ni wa ziada, redieta zitafanya kazi na kila mtu ataridhika. Hitilafu itajificha: kila redieta zinapowaka, tangi nalo litapashwa bila kuombwa, na hakuna atakayeishuku taima. Mfumo wa vali mbili, unaoitwa S Plan, hauhitaji waya huo. Ndiyo maana nakusihi ujue una vali gani kabla ya kwenda tena dukani.

Kwa kuwa mna tangi, nunua taima ya chaneli mbili, moja ya redieta na moja ya maji. Ya chaneli moja ni ya nyumba yenye boila inayopasha maji ya bomba papo hapo bila tangi. Hizo nazo zina mtego wake, nautaja kwa faida ya wasomaji wengine: boila nyingine za aina hiyo zinataka taima inayounganisha nyaya mbili tu bila kutia umeme wake, kwa kuwa upande wa boila ni wa volti ndogo. Ukipeleka volti 230 pale, unaunguza bodi ya boila, na bodi ni ghali kuliko taima kadhaa. Kitabu cha boila hueleza.

Jambo jingine la haraka: ikiwa tangi lenu lina hita ya umeme ya akiba, usiifunge hita hiyo kwenye taima ya redieta hata siku moja. Hita ya kilowati 3 huvuta ampea 13 kwenye umeme wa volti 230, na kontakti za taima hizi zimetengenezwa kwa ampea chache tu. Zitayeyuka. Hita ya tangi ina taima yake, ya ampea 16.

Basi ninunue ipi, umeuliza. Nimeufikiria mpangilio wa nyumba yenu, na kuna jambo moja linalonifanya nitofautiane na jirani. Nguvu kubwa ya taima janja ni kuijua nyumba tupu. Watu wametoka, simu zao ziko mbali, joto linashuka lenyewe. Wakianza kurudi, linapanda. Nyumba yenu haiwi tupu. Mama yupo mchana, yupo usiku, na zamu zako hazibadilishi hitaji lake la joto. Ratiba ya redieta kwenu inapaswa kumfuata yeye, na ratiba yake nadhani inafanana siku hadi siku. Kitakachobadilika na zamu zako ni saa ya maji ya kuoga, na hilo linatatuliwa na kitufe cha kuongeza saa moja, ambacho taima nyingi za kidijitali zinacho.

Ingekuwa kwangu, ningefunga taima ya kidijitali ya chaneli mbili, ya siku saba, yenye maandishi makubwa na taa ya nyuma, pamoja na themostati ya ukutani iliyo nzuri. Siku saba kwa sababu kila siku inaweza kuwa na ratiba yake. Zile zinazogawa wiki kuwa siku tano na mbili zinamfaa mtu wa ofisini, na wewe si mmoja wao. Angalia pia kwamba ratiba haipotei umeme ukikatika, na kwamba inajirekebisha yenyewe saa za nchi zinapobadilishwa. Baadhi huhifadhi saa kwa betri ndogo iliyochomelewa ndani, na betri hiyo ikifa baada ya miaka, taima nzima hutupwa. Inayotumia betri ya kubadilisha kwa mkono itaishi nawe muda mrefu zaidi.

Kabla ya kulipa, mpeleke mama dukani ikiwezekana, au mwonyeshe picha kubwa ya uso wa taima. Aguse vitufe. Kama hawezi kuongeza saa moja ya joto bila miwani na bila kukupigia simu uko kazini usiku wa manane, hiyo taima haifai, hata ikisifiwa namna gani. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu nimewaona wazee wakivaa makoti mawili ndani ya nyumba zilizofungwa vifaa vya gharama, wakiogopa kugusa kitufe wasije wakaharibu.

Hata hivyo, taima janja si kitu kibaya, na ipo hali moja ambayo ingenifanya nibadili ushauri. Kama mama husahau, au hawezi kupanda ngazi kufika kwenye taima, basi uwezo wako wa kutazama kwa simu ukiwa kazini na kuona sebule ina nyuzi 16 unakuwa na thamani kubwa. Ukichagua njia hiyo, hakikisha ni ya chaneli mbili, maana nyingine zinaendesha redieta tu, na hakikisha ina vitufe halisi ukutani vinavyofanya kazi intaneti ikikatika. Uliza pia kama kuna ada ya kila mwezi. Na ujue kwamba mtengenezaji akiacha kuihudumia programu yake, kifaa kizima kinaweza kupoteza nusu ya kazi zake.

Je, uifunge mwenyewe? Hapa nitakuwa mkali kidogo. Nyaya ulizoziona "chache tu" zinabeba volti 230, na kuizima taima kwa kitufe chake hakuondoi umeme nyuma yake. L inabaki na umeme. Ni lazima kuzima swichi kuu yenye fyuzi, kutoa fyuzi yenyewe (inapaswa kuwa ya ampea 3), kisha kuthibitisha kwa kipima umeme cha ncha mbili kwamba kila waya umekufa. Bisibisi ya taa haitoshi, inaweza kukudanganya. Na mara chache hutokea nyaya za chaneli mbili zikatoka kwenye vyanzo viwili tofauti, umezima kimoja ukadhani umezima vyote.

Usiziamini rangi pia. Uingereza ilianza kubadili rangi za nyaya za majumbani mwaka 2004: nyekundu na nyeusi zikawa kahawia na buluu. Katika nyumba za zamani nyeusi ilikuwa nyutro. Katika kebo mpya za nyaya nyingi nyeusi inaweza kuwa na umeme. Na katika mifumo ya joto mafundi hutumia waya wowote uliopo kurudisha umeme wa swichi, hivyo hata wa buluu unaweza kukurusha. Waya wa ethi (wa usalama) wenye kijani na manjano usikatwe hata kama taima haiuhitaji. Mabamba mengi yana mahali pa kuuegesha.

Kama taima yenu ingekuwa ya kidijitali yenye bamba la muundo niliouelezea, na unabadilisha uso tu bila kugusa waya, ningekuambia mtu makini anaweza. Kwenu kuna bamba la zamani, kuna dalili isiyoeleweka bado, na hatujui ni vali ya aina gani. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa au fundi wa mifumo ya joto. Akifika, mwambie kwanza kuhusu redieta za usiku, kabla hujamwambia unataka taima mpya, ili aanze kwa kupima badala ya kuanza kwa kufunga. Ikiwa itabidi boila ifunguliwe kifuniko, awe ni fundi wa gesi aliye kwenye rejista ya Gas Safe, naye ana kitambulisho cha kukuonyesha mlangoni, kiombe, hatachukia. Na kama nyumba ni ya kupanga, usinunue chochote kwanza. Kwa England, sheria ya 1985 ya wenye nyumba na wapangaji inamwachia mwenye nyumba jukumu la kutengeneza mfumo wa joto na maji ya moto katika upangaji mwingi wa kawaida. Mwandikie leo, taja umri wa mama.

Muulize fundi kitu kimoja zaidi, hasa kama nyumba ni ya miaka mingi: je, tangi linapashwa kwa pampu, au maji yanapanda yenyewe kwa sababu ya moto? Katika mifumo ya kale ya namna hii ya pili, redieta haziwezi kuwaka bila tangi nalo kupashwa, na taima nyingi za chaneli mbili zina kiswichi kidogo kwa nyuma cha kuchagua kati ya hali hizo mbili. Kikiachwa upande usio wake, utawasha redieta, pampu itazunguka, na boila haitawaka. Utadhani umeuziwa taima mbovu.

Mambo yakishatengemaa, anza na ratiba hii uirekebishe wiki ya kwanza. Redieta ziwake nusu saa hadi dakika 45 kabla mama hajaamka, ziendelee mchana chini ya ulinzi wa themostati kwenye nyuzi 20 au 21, zipumzike anapolala. Kwa usiku, ikiwa mmeweka themostati yenye ratiba yake, ishushe hadi 18 na uiache chaneli ya redieta kwenye taima iwe imewashwa saa zote, maana taima ikikata, themostati haina uwezo wa kuwasha chochote. Maji ya moto yapewe saa moja asubuhi na saa moja jioni, na wiki za zamu ya usiku usogeze moja ilingane na saa unayorudi. Themostati ya tangi ibaki kwenye nyuzi 60 ili bakteria wa Legionella wasipate makao. Usiishushe kwa kuhofia maji yatamuunguza mama. Kwa hofu hiyo kuna vali ya kuchanganya maji inayofungwa karibu na bomba la kuogea, na fundi huyohuyo anaweza kuitazama.

Ukishaangalia vali iliyo kabatini, niandikie mabomba yanayoingia humo ni mawili au matatu, pamoja na jina na namba ya modeli iliyo kwenye taima ya zamani. Nitakuambia kila kitundu cha bamba lake kina kazi gani, ili fundi akifika uwe na karatasi mkononi.